Ngwatio ya Hesabu

Mtu apitaye Karatina wakati wa palizi, akaacha barabara kuu na kushika njia za mashamba ziendazo upande wa kilima cha Tumutumu, huenda akaona kundi la watu kumi au kumi na watano wakilima katika shamba moja dogo. Mgeni atadhani kuwa hao ni vibarua walioajiriwa na mwenye shamba. Lakini akirudi kesho atawakuta watu wale wale katika shamba la jirani, na kesho kutwa katika shamba la tatu. Hapana mshahara unaolipwa. Leo kwako, kesho kwangu, mpaka mashamba yote yamekwisha kupaliliwa. Ushirika huu Wakikuyu huuita ngwatio, na asili yake ni ya kale kuliko shule, kuliko reli na kuliko mji wa Karatina wenyewe.

Ngwatio ina kanuni zake, ingawa hazikuandikwa popote. Kila mtu huja na jembe lake. Mwenye shamba hakai kivulini akatazama wengine wakimlimia, bali hushika jembe na kutangulia mbele. Na mtu aliyelimiwa shamba lake, kisha akajificha siku ya shamba la mwenzake, hatafutwi tena. Nawaomba wasomaji wazikumbuke kanuni hizi tatu, maana nitazirudia kabla ya kumaliza.

Swali la insha hii ni hili: je, desturi ya shambani yafaa darasani? Wanafunzi wa sekondari wanapokabiliwa na hesabu ngumu za kidato cha tatu na cha nne, yafaa wasaidiane, au yafaa kila mmoja apambane peke yake? Wako watu wengi wanaoamini kuwa hesabu ni kazi ya mtu mmoja katika chumba kimya, na kuwa anayeomba msaada amekwisha kushindwa. Mimi mwenyewe niliamini hivyo nilipokuwa kijana, na imani hiyo ilinigharimu. Lakini kabla ya kusimulia habari zangu, na tutazame historia inasemaje.

Wazo la mwanafunzi kumfundisha mwanafunzi si geni. Mwishoni mwa karne ya 18, Andrew Bell, kasisi kutoka Uskoti aliyesimamia shule ya mayatima huko Madras katika Bara Hindi, aliona watoto wakiandika herufi kwa vidole katika mchanga. Akaigeuza desturi hiyo kuwa mpango wa shule: watoto waliokwisha kujua wakawekwa kuwafundisha wasiojua. Taarifa yake ilichapishwa London mwaka wa 1797. Mwaka uliofuata Joseph Lancaster alifungua shule yake huko Southwark, London, kwa mpango wa namna hiyo hiyo, na kwa njia hiyo mwalimu mmoja aliweza kutawala mamia ya watoto. Shule za aina hii zilienea katika nchi nyingi.

Mpango huo uliwafaa maskini ambao wasingalipata shule kabisa. Hata hivyo ulikuwa na kasoro kubwa. Mtoto mkubwa alikuwa kama nyapara: alikariri somo asubuhi, akawakaririsha wadogo mchana. Mmoja alitoa na wengine walipokea, wala hapana aliyeruhusiwa kuuliza kwa nini. Hiyo haikuwa ngwatio, kwa sababu katika ngwatio hapana nyapara.

Katika nchi ya Nyeri mambo yalianza kwa sura iliyokaribiana na hiyo. Wamisionari wa Kanisa la Uskoti walijenga kituo Tumutumu mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Mapadre wa Consolata walikuwa wamekwisha kufika Nyeri. Walimu wa Kizungu walikuwa wachache, na watoto walikuwa wengi. Kwa hiyo vijana wa kwanza waliojua kusoma, kuandika na kuhesabu walitumwa kufungua vishule vidogo katika vijiji, na wengi wao wakafundisha huku wakiendelea kujifunza. Elimu ya milima hii ilijengwa na wanafunzi waliogeuzwa walimu kabla hawajaacha kuwa wanafunzi.

Baadaye wazazi wenyewe walianza kudai elimu iliyo pana zaidi. Katika miaka ya 1930 shule ya Kagumo ilifunguliwa karibu na mji wa Nyeri, na baraza la wenyeji likachangia fedha zake. Katika miaka hiyo hiyo, baada ya ugomvi baina ya misheni na Wakikuyu juu ya mila, zilienea shule huru zilizojengwa kwa michango na mikono ya wananchi. Ili shule hizo zipate walimu, chuo cha ualimu kilifunguliwa Githunguri mwaka wa 1939. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba mwaka wa 1952, serikali ya kikoloni ilikifunga chuo hicho pamoja na shule nyingi za namna hiyo. Watoto wengi wa Nyeri walipotewa na miaka ambayo hawakurudishiwa kamwe.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, Kenya nzima ilikuwa na shule za sekondari zipatazo 150 tu. Watoto waliomaliza shule ya msingi walikuwa wengi mno kuliko nafasi zilizokuwako. Wananchi hawakungoja. Kwa mwito wa Harambee walichanga shilingi, wakachonga mawe, wakapasua mbao, na kabla ya miaka ya 1960 kwisha idadi ya sekondari zisizosaidiwa na serikali ilizidi idadi ya zile zilizosaidiwa. Mkoa wa Kati ulikuwa mstari wa mbele katika kazi hii. Lakini kuta hazifundishi. Mara nyingi shule ya Harambee ilikuwa na madarasa kabla ya kuwa na mwalimu wa hesabu, na mahali pasipo na mwalimu wa hesabu, wanafunzi hawana budi kutazamana wenyewe kwa wenyewe.

Katika miaka ile ile, hesabu yenyewe ilikuwa ikibadilika. Mwaka wa 1962 wataalamu na walimu kutoka nchi za Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya hesabu mpya. Vitabu vingine viliandikwa kwa ajili ya shule za Afrika Mashariki kwa kufuata mfano wa mageuzi ya Uingereza. Badala ya kuanza na riba na bei ya sukari, mwanafunzi alikutana na seti, na alama ambazo babaye hakupata kuziona. Kusudi lilikuwa jema, yaani mtoto aelewe badala ya kukariri. Lakini walimu wengi hawakupata muda wa kutosha kujifunza mambo hayo kabla ya kuyafundisha, na shule mbili jirani ziliweza kufuata mihtasari miwili tofauti. Manung'uniko yakazidi, na mwaka wa 1981 Rais Daniel arap Moi aliamuru hesabu mpya iondolewe shuleni.

Walimu wa kale na wa leo wamebishana sana juu ya uamuzi huo. Mimi sitaki kuwa hakimu katika insha fupi kama hii. Nataka kuonyesha jambo moja tu ambalo husahauliwa. Kila mtaala unapobadilishwa ghafula, mnyororo wa msaada hukatika. Kaka hawezi kumsaidia mdogo wake, kwa sababu alichojifunza sicho kinachoulizwa. Kitabu cha dada hugeuka kuwa karatasi ya kufungia njugu. Ndivyo ilivyokuwa tena mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985. Mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ulifanywa mwaka wa 1989, na mwaka huo huo ndipo mtihani wa kwanza wa KCSE ulipofanywa. Kidato cha tano na cha sita vikafutika, na pamoja navyo wakaondoka shuleni wale wanafunzi wakubwa ambao mdogo wa kidato cha tatu aliweza kuwaendea jioni na daftari mkononi.

Hata hivyo hesabu za juu hazikuondoka zote. Mwanafunzi wa KCSE alikuta kalkulasi, matriksi, na hesabu za dunia kama tufe. Mathalan, Karatina iko kama nusu digrii kusini mwa Ikweta. Je, ni umbali gani kutoka hapa mpaka Ikweta, kama ndege angaliruka moja kwa moja kuelekea kaskazini? Mwanafunzi mmoja atasema: digrii moja ina dakika 60, na kila dakika ni maili moja ya baharini, basi ni maili 30 za baharini. Mwenzake atasema: mzunguko wa dunia ni kama kilomita 40,000; nusu digrii ni sehemu moja katika 720; basi ni kama kilomita 55. Wakigeuza maili za baharini kuwa kilomita, majibu yao yatakutana. Wa tatu, ambaye amepata kwenda Nanyuki penye kibao cha Ikweta, atawaambia kuwa gari husafiri zaidi ya hapo kwa sababu barabara huuzunguka mlima. Watatu hao, kila mmoja na jembe lake, wamelielewa jambo moja kwa njia tatu.

Sasa tuvuke bahari kidogo. Katika nchi ya Hungaria, mwaka wa 1894, mwalimu wa sekondari aitwaye Dániel Arany alianzisha jarida la hesabu kwa wanafunzi katika mji wa Győr. Mpaka leo jarida hilo hujulikana kwa kifupi kama KöMaL. Kila toleo lilikuwa na maswali magumu. Wanafunzi kutoka miji na vijiji walipeleka majibu kwa posta, na majibu yaliyo bora yalichapishwa pamoja na majina ya waliyoyapata. Baadaye zikachapishwa hata picha za wanafunzi hodari. Kwa njia hiyo kijana wa mji mdogo alijua kuwa katika mji mwingine yuko kijana mwenziwe anayekesha na swali lile lile. Walifahamiana kwa majina na nyuso kabla ya kupeana mikono.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vijana waliofahamiana hivyo walikutana Budapest. Wengi wao walikuwa Wayahudi, na sheria ya mwaka wa 1920 ilikuwa imepunguza nafasi za Wayahudi katika vyuo vikuu vya nchi yao. Walikuwa na fedha kidogo na mahali pachache pa kukaribishwa. Kwa hiyo walikutana katika bustani ya mji, chini ya sanamu ya mwandishi wa kale asiyejulikana jina, wakaulizana maswali. Miongoni mwao alikuwamo Paul Erdős, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa mabingwa wa hesabu wa karne ya 20. George Szekeres, aliyekuwa akisomea uhandisi wa kemia. Na msichana aitwaye Esther Klein.

Yapata mwaka wa 1933, Esther Klein aliwaletea wenziwe swali ambalo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kulifahamu. Weka nukta tano juu ya karatasi popote upendapo, ila nukta tatu zisiwe katika mstari mmoja ulionyooka. Je, waweza siku zote kuchagua nne kati yake zilizo pembe za umbo la pande nne lisilo na kona iliyobonyea ndani? Esther alikuwa amekwisha kuona kuwa jibu ni ndiyo. Nawe waweza kuliona kwa maharagwe matano na uzi. Zungushia maharagwe yote uzi uliokazwa. Uzi ukigusa maharagwe manne au matano, basi umekwisha kupata umbo lako. Ukigusa matatu tu, mawili yamebaki ndani ya pembetatu. Piga mstari upite katika yale mawili ya ndani. Mstari huo utaziacha pembe mbili za pembetatu upande mmoja na pembe moja upande wa pili. Chukua zile mbili za upande mmoja, uziunge na yale mawili ya ndani: umbo lako limepatikana.

Esther hakuishia hapo. Aliwauliza wenzake: na kama tunataka umbo la pande tano, au sita, au zaidi, tunahitaji nukta ngapi? Swali hilo lilikuwa gumu kweli kweli. Szekeres alilishughulikia kwa majuma kadhaa, Erdős akaliendea kwa njia nyingine, na mwaka wa 1935 wawili hao walichapisha andiko ambalo wataalamu hulisoma hata sasa. Katika kutafuta jibu, Szekeres na Esther Klein walipendana, wakaoana mwaka wa 1937. Erdős akalipa swali hilo jina la Swali la Mwisho Mwema. Vita ya Pili na mateso ya Wayahudi viliwatawanya watu wa kundi lile. George na Esther walikimbilia Shanghai, kisha wakahamia Australia, ambako walifundisha na kuwasaidia vijana wapendao hesabu. Walifariki siku moja, tarehe 28 Agosti mwaka wa 2005, katika muda wa saa moja. Na swali la Esther, kwa ujumla wake, halijapata uthibitisho kamili mpaka leo.

Mtu aweza kusema kuwa hao walikuwa watu wenye vipaji vya ajabu, na kwamba sisi wa kawaida hatuwezi kujipima nao. Basi na tuchukue mfano wa tatu, wa wanafunzi wa kawaida. Katika miaka ya 1970, Uri Treisman, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Marekani, alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi wengi walishindwa kalkulasi ya mwaka wa kwanza, hali wanafunzi wenye asili ya Kichina walifaulu. Aliwauliza walimu. Wengine walidhani kuwa wanafunzi weusi hawana bidii. Wengine wakasema shule walizotoka ni dhaifu. Wengine wakawalaumu wazazi au umaskini. Treisman hakutosheka. Akafuatana na wanafunzi 20 wa kila kundi mpaka vyumbani mwao, akaona kwa macho yake jinsi walivyosoma.

Alichokiona kilimshangaza. Wanafunzi weusi walikuwa na bidii na walitimiza saa zote walizoambiwa na mwalimu, lakini karibu wote walisoma peke yao. Mwenzao akikwama, alikwama peke yake, na kila mmoja alidhani kuwa ni yeye tu asiyejua. Wanafunzi wa Kichina walisoma kwanza kila mtu kwa nafsi yake, kisha wakakutana jioni, wakalinganisha majibu, wakasahihishana na kuulizana maswali ya mitihani iliyopita. Swali likiwashinda wote, walijua kuwa ni gumu kweli, wakalipeleka kwa mwalimu bila aibu. Treisman akaanzisha mikutano ya wanafunzi kusaidiana. Hakuwapa hesabu nyepesi za kuwahurumia. Aliwapa hesabu ngumu kuliko za darasani, wazifanye kwa pamoja. Walioingia katika mikutano hiyo walifaulu kuliko wenzao waliobaki nje.

Niliposoma habari hizo chuoni, nikijifunza ualimu, niliona haya, kwa maana nilijikumbuka nafsi yangu. Mwaka wa 2008 nilikuwa katika kidato cha nne. Kwa fedha nilizopata kwa kubeba mizigo siku ya soko, nilinunua kwa muuzaji wa vitabu vikuukuu kitabu cha hesabu cha zamani za kidato cha sita. Ndani yake mlikuwa na sura nzuri ya kalkulasi yenye majibu yaliyofanywa hatua kwa hatua. Mwenzangu niliyekaa naye dawati moja aliona nikifanya hesabu ambazo hapana mwingine aliyeziweza, akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kuwa nakisia tu. Kitabu nilikificha chini ya godoro. Tulikuwa tukishindania nafasi ya kwanza, na majina yalibandikwa ukutani kila mwisho wa muhula. Mimi nilidhani kuwa nuru nikimpa yeye, yangu itapungua.

Katika mtihani wa majaribio lilikuja swali hili: bati la urefu wa sentimita 80 na upana wa sentimita 50 linakatwa miraba iliyo sawa katika pembe zake nne, kisha pande zake zinakunjwa juu kuwa sanduku lisilo na kifuniko. Mraba ukatwe wa upande gani ili sanduku lipate ujazo mkubwa kuliko wote? Niliijua njia. Nilifuata hatua za kitabu moja baada ya moja, nikapata majibu mawili: sentimita 10, na sentimita 33 na theluthi. Nikayaandika yote mawili na kuyapigia mstari. Mwalimu alinikata alama, akaandika pembeni neno moja: "Fikiri." Sikujua nifikiri nini. Mwenzangu hakuweza hata kuianza hesabu ile. Hivyo kitabu kimoja kilitunyima alama wawili: yeye kwa kufichwa, na mimi kwa kukariri. Laiti ningalimweleza, hapana shaka angaliniuliza kwa nini majibu ni mawili, na swali lake lingaliniokoa.

Yeye hakwenda chuo. Alijifunza useremala, akafungua karakana yake nje kidogo ya Karatina. Mwezi wa Machi mwaka wa 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na watahiniwa hawakurudi darasani mpaka Oktoba. Siku moja nilipita kwake, nikamkuta dada yake mdogo wa kidato cha nne pamoja na wenzake watatu, wamekaa mbalimbali juu ya magogo uani, barakoa usoni. Ubao wao ulikuwa ni mbao aliyoipiga randa na kuipaka rangi nyeusi. Wawili wao walikuwa wa shule moja, na wengine wa shule nyingine mbili. Kila mmoja alikuwa na kitabu chake, na kila siku mmoja wao alikuwa na zamu ya kueleza.

Niliwaandikia swali lile la bati. Msichana mmoja alilifanya kwa haraka mbele ya wenzake, akafika mwisho, akaandika majibu mawili kama nilivyoandika mimi miaka 12 iliyopita. Kabla sijafumbua kinywa, mwenye karakana aliweka randa chini.

"Huyo wa kumi namwelewa," alisema. "Lakini hebu nikatie huyo wa thelathini na tatu, nione."

Akamtupia kipande cha boksi na kipimo. Msichana akapima upande wa sentimita 50. Akapima sentimita 33 kutoka pembe moja, kisha akaenda pembe ya pili apime 33 nyingine. Akasita.

"Fundi, hazitoshi," akasema. "Zinapandana."

Wote wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Kisha akafuta jibu la pili, akaeleza kwa maneno yake mwenyewe kuwa kipande hakiwezi kufika sentimita 25, maana bati lingekwisha. Wakakata kwa sentimita 10, wakakunja, wakapata sanduku la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina 10. Ujazo wake sentimita 18,000 za ujazo. Sanduku hilo lilibaki karakanani, likawekwa misumari.

Jioni ile nilimweleza rafiki yangu habari za kitabu kilichokuwa chini ya godoro. Alinyamaza kidogo akipuliza vumbi la mbao.

"Nilijua, Mwalimu," akasema. "Kilikuwa kikionekana kona yake. Nilingoja unionyeshe mwenyewe."

Kwa hiyo, ndugu wanafunzi, nikirudi kwenye swali la mwanzo, sisemi tu kuwa msaidiane. Neno hilo ni rahisi, na wavivu hulipenda. Wako wanaoita kunakili kuwa ni kusaidiana. Ndiyo maana nilitangulia kutaja kanuni za ngwatio. Kila mtu aje na jembe lake: yaani kila mwanafunzi alijaribu swali kwa nafsi yake kabla ya kukutana na wenzake, hata kama atafika nusu ya njia. Mwenye shamba ashike jembe: anayeomba msaada ndiye ashike chaki, na wenziwe wamwongoze kwa maswali, wasimwandikie jibu. Na aliyelimiwa na alime: ukielezwa leo jambo ulilokuwa hulijui, kesho mweleze mtu mwingine. Anayenakili huvunja kanuni zote tatu kwa mara moja, kwa maana hakuja na jembe, hakushika chaki, wala hana la kumpa mwenzake. Siku ya mtihani ataingia chumbani peke yake, na shamba lake litakuwa na magugu yale yale.

Na wewe uliye hodari, usiogope kuwa mwenzako atakupita. Huenda akakupita kweli. Jambo hilo hutokea. Lakini neno usiloweza kumweleza mwenzako bado hulijui vema, na hapana mtu atakayekuonyesha upungufu wako upesi kuliko yule asiyeelewa, anayekuuliza kwa unyofu, "Kwa nini?" Kitabu chako kitoe chini ya godoro. Kona yake inaonekana.